Asiyemaliza Hajashinda: Mwongozo wa Kumpima Mshambuliaji Asiye na Damu

Kijiwe chochote cha drafti, kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, kina fundi wa kushambulia. Vizibo vya soda anavigonga ubaoni kwa kishindo, msiba wa mpinzani anautangaza kabla haujatokea, kisha anawageukia watazamaji apokee sifa zake mapema. Nusu saa baadaye mchezo umeisha sare, na fundi bado anasimulia lile shambulio. Watu wanamsikiliza kwa sababu anasimulia vizuri. Ushindi, hata hivyo, hana.

Injini za sataranji, yaani programu za kompyuta zinazocheza mchezo huo, nazo zina mafundi wa aina hiyo. Kuna injini inayomkaba mfalme wa mpinzani kwa hatua 30 na kuishia sare. Kuna nyingine inayofika pale pale, ikakaza kamba, ikamaliza kazi. Kwa mtazamaji zote mbili zinashambulia. Kwa mtu anayetaka kujifunza, tofauti yake ni kubwa, maana vijana wengi leo mwalimu wao wa kwanza wa sataranji ni simu. Mwalimu asiyejua kumaliza atakufundisha kuanza tu.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Temeke, Kinondoni au kwingineko mwenye kompyuta mpakato ya zamani, feni moja na majirani wenye maoni. Kazi inayoelezwa hapa ni utafiti wa kweli, na inafanyika chumbani Mbagala sawasawa na inavyofanyika Berlin. Fuata hatua zote. Ukiruka moja utakuwa umerudi kijiweni kubishana.

Mahitaji

Kompyuta mpakato moja, hata ya mtumba. Injini tatu, mbili za kupimwa na moja ya kulinda. Stockfish inapatikana bure: ilianza mwaka 2008, ikitokana na injini ya Glaurung ya Tord Romstad wa Norway, na waliofanya naye kazi mwanzoni ni Marco Costalba wa Italia na Joona Kiiski wa Finland. Programu ya kusimamia mechi, kama Cute Chess, nayo ni bure. Injini karibu zote zinaelewana na msimamizi huyo kwa sababu ya UCI, utaratibu wa mawasiliano uliotolewa mwaka 2000 na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen.

Ongeza bando la kupakulia mara moja. Baada ya hapo intaneti haihitajiki. Ongeza stuli ya kuwekea kompyuta, daftari na kalamu. Watazamaji usiwatafute, watakuja wenyewe.

Hatua ya 1: Jua unachokipima

Swali la kijiweni huwa ni "ipi kali?" Swali hilo lina majibu tayari, na majibu hayo hayakusaidii hapa. Viwango vya Elo vinachanganya kila kitu katika namba moja: ufunguzi, ulinzi, subira na umaliziaji. Wewe unapima kitu kimoja tu: injini ikipewa mkao wenye shambulio la kweli, mara ngapi inaufikisha kwenye ushindi? Timu inaweza kumiliki mpira dakika zote 90 na kutoka uwanjani bila bao, na hakuna shabiki wa Dar anayehitaji kuelezwa maumivu hayo.

Historia yenyewe inaonyesha kwa nini swali hili ni gumu. Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5, na dunia ikashtuka. Miaka 20 baadaye, Desemba 2017, kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero ilikuwa imecheza michezo 100 na Stockfish bila kupoteza hata mmoja. Ilishinda 28. Sare zilikuwa 72. Mashambulizi ya AlphaZero yalisifiwa dunia nzima, na yalistahili, lakini michezo 72 kati ya 100 haikumalizwa hata na bingwa huyo. Tangu hapo injini zimekuwa kali zaidi, na zikianza kwenye mpangilio wa kawaida zinatoka sare tena na tena. Ukizipima namna hiyo utakesha unahesabu sare.

Hatua ya 2: Tafuta mikao yenye moto

Usianze mwanzoni mwa mchezo. Anza katikati, pale ambapo vita imeshaanza na hakuna anayejua mwisho wake.

Mikao iko ya aina tatu. Ipo iliyo sawa kwa pande zote, na hiyo itakupa sare. Ipo iliyokwisha kushinda, na hiyo kila injini itaimaliza, hata ile dhaifu, kwa hiyo hutajifunza kitu. Katikati kuna ukingo: mikao ambayo anayejua kumaliza atashinda na asiyejua atateleza. Unautaka ukingo huo.

Utaujuaje? Stockfish yenyewe itakusaidia. Tangu toleo la 15.1 la Desemba 2022, tathmini zake zimepangwa hivi: ikikuonyesha +1.00, maana yake upande wenye faida una nafasi ya asilimia 50 ya kushinda endapo Stockfish itacheza na Stockfish mwenzake. Basi kusanya mikao yenye tathmini kati ya 0.80 na 1.50 hivi. Chini ya hapo utapata sare nyingi mno; ukipanda sana, kila mtu ni bingwa.

Wazo la kuwapa washindani mikao isiyo sawa limeshafanyiwa kazi. Stefan Pohl wa Ujerumani alikusanya funguzi kutoka michezo ya binadamu ambazo zinampa mweupe faida, akaziita UHO, ili injini kali ziache kutoka sare kila siku. Unaweza kuzitumia. Lakini ukitaka mashambulio hasa, chuja tena: wafalme wawe wamejikinga pande tofauti za ubao, au ukuta wa askari mbele ya mfalme mmoja uwe umevunjika, au mshambuliaji awe ametoa kafara na bado ana kasi.

Unaweza pia kukusanya mwenyewe kutoka michezo ya mabingwa, na hapo uwe mwangalifu. Mwaka 1851, jijini London, Adolf Anderssen alimshinda Lionel Kieseritzky baada ya kutoa askofu, ngome zote mbili na malkia. Mchezo huo bado unapendwa duniani. Januari 1999, katika mji wa Wijk aan Zee nchini Uholanzi, Kasparov alitoa ngome kwenye d4 katika hatua ya 24, kisha akamkokota mfalme wa Veselin Topalov ubao mzima hadi d1. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba Topalov angeikataa ile ngome na kumpeleka mfalme wake b6, angekuwa na ulinzi imara zaidi. Uzuri wa mchezo haupungui kwa hilo. Ila kwa kipimo chako jambo hili ni zito: shambulio lililomshinda binadamu aliyeshtuka linaweza lisiwe shambulio la kushinda. Kila mkao wa mabingwa upitishe kwenye tathmini kabla ya kuuingiza kundini. Umaarufu si kibali.

Lengo lako liwe mikao 400. Kila mmoja uandike kwa FEN, mstari mmoja wa herufi na tarakimu unaoeleza ubao mzima. Mikao 400 ni mistari 400, faili dogo kuliko picha ya harusi kwenye simu yako.

Hatua ya 3: Mlinzi awe mmoja

Hapa ndipo wapimaji wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Tuseme unapima injini mbili. Zipe majina ya samaki wa Feri, Changu na Kibua. Usizipe majina ya timu za mpira za Msimbazi na Jangwani, kwa sababu kijiwe kitaanza kushangilia kabla ya kuhesabu, na ukweli utakaa benchi. Kipimo kizuri hata majina hayo ya samaki kinayaficha mpaka matokeo yaandikwe.

Mashindano ya TCEC, yanayokutanisha injini tangu mwaka 2010, huzipa injini mbili ufunguzi mmoja na kuucheza mara mbili, zikibadilishana rangi. Huo ni uungwana, kwani hakuna anayependelewa na ufunguzi. Lakini kwa swali lako bado hautoshi. Changu akishambulia akashinda, kisha Kibua akashambulia mkao ule ule akatoka sare, umejifunza nini? Pengine Changu anajua kumaliza. Pengine pia Changu anajua kulinda na Kibua hajui. Mambo mawili yamefungwa kwenye fundo moja.

Fungua fundo hilo kwa kumleta wa tatu. Chagua mlinzi mmoja, mkali, asiyepimwa. Stockfish inaifaa kazi hiyo. Kila mkao Changu aushambulie dhidi ya Stockfish, kisha Kibua aushambulie mkao huo huo dhidi ya Stockfish ile ile, yenye saa ile ile na kumbukumbu ile ile. Sasa wote wawili wanagonga mlango mmoja. Kama mlinzi ni mkali mno na hakuna anayemaliza kitu, mpunguzie muda, ila umpunguzie kwa wote wawili sawasawa.

Kila mkao utakupa jibu moja kati ya manne. Wote wakimaliza, mkao ulikuwa rahisi. Wote wakishindwa, mkao ulikuwa mgumu au shambulio lilikuwa la uongo. Changu akimaliza peke yake, amepata alama. Kibua akimaliza peke yake, naye amepata alama. Aina mbili za kwanza hazikuambii nani bora. Habari yote iko kwenye mikao ambayo mmoja alimaliza na mwingine akashindwa. Hiyo iwekee ukurasa wake kwenye daftari.

Hatua ya 4: Haki ya saa, mashine na joto

Muda uwe sawa kwa Changu na Kibua. Wanaoiendeleza Stockfish hutumia sana sekunde 10 za mchezo mzima pamoja na nyongeza ya sekunde 0.1 kwa kila hatua, na kwa majaribio marefu sekunde 60 na nyongeza ya 0.6. Anza na ule mfupi. Mchezo wa hatua 60 kwa kila upande hautazidi sekunde 32 hivi. Mikao 400 ikichezwa na washambuliaji wawili ni michezo 800. Kwa makadirio ya sekunde 30 kila mmoja, ni saa 6 na dakika 40. Ukiendesha michezo miwili kwa pamoja inakuwa saa 3 na dakika 20, sawa na jioni moja.

Kila injini ipewe kiini kimoja cha prosesa na kiasi kilekile cha kumbukumbu. Zima uwezo wa kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani, la sivyo injini mbili zitagombea prosesa na utakuwa unapima ubabe. Usiendeshe michezo mingi kuliko viini ulivyonavyo. Na usiilete Leela Chess Zero, mradi ulioanza mwaka 2018 kwa kufuata njia ya AlphaZero, ukaipima kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro ya maana kisha ukatangaza kwamba imefeli. Leela imejengwa kwa ajili ya kadi hizo. Umeiomba ikimbie bila viatu.

Halafu kuna joto. Dar es Salaam ya Januari na Februari haina huruma kwa binadamu wala kwa prosesa. Kompyuta ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na inafanya hivyo kimya kimya. Ukiwa umecheza michezo yote ya Changu asubuhi kwenye ubaridi na yote ya Kibua saa nane mchana chini ya bati, umepima hali ya hewa. Basi wapishanishe: mkao wa kwanza Changu, mkao huo huo Kibua, kisha mkao wa pili. Kompyuta iweke juu ya stuli penye upepo wa feni. Kitandani hapana, godoro linaziba matundu ya hewa.

Umeme nao una mambo yake. Angalia salio la LUKU kabla ya kuanza. Umeme ukikatika, kompyuta ikahamia kwenye betri, nyingi hupunguza kasi. Simamisha jaribio, futa mkao uliokuwa ukichezwa kwa wote wawili, anza nao upya umeme ukirudi. Msimamizi wa mechi ahifadhi kila mchezo unapoisha, ili giza lisikule kazi ya jioni nzima.

Hatua ya 5: Mwache acheze mpaka mwisho

Kuokoa muda, wapimaji wengi humruhusu msimamizi kukata mchezo tathmini ikipanda sana: injini zote mbili zikikubali kwamba upande mmoja umeshinda, mchezo unafungwa na alama inatolewa. Kwa majaribio mengine ni busara. Kwa jaribio lako ni kosa kubwa, maana unalipa mshahara kabla ya kazi uliyokuja kuikagua. Zima ukataji huo kwa upande wa ushindi. Mfalme afungwe ubaoni, kila mtu aone.

Kwa sababu hiyo hiyo, fikiri vizuri kuhusu maktaba za tamati. Hizi ni kumbukumbu za mikao yote yenye vipande vichache, zenye jibu kamili la kila mkao. Zile za Syzygy, alizozitengeneza Ronald de Man, kwa mikao ya hadi vipande vitano hazijazi hata GB 1. Kwa vipande sita zinafika takriban GB 150. Na za vipande saba zilikamilika mwaka 2018. Ukizipa injini maktaba hizo, sehemu ya mwisho ya kazi inafanywa na kumbukumbu. Kama swali lako ni nani anajua kumaliza kwa akili yake, mnyime Changu maktaba, mnyime Kibua maktaba, mnyime na mlinzi. Kisha andika kwenye daftari kwamba umewanyima.

Hatua ya 6: Hesabu mpaka kelele ziishe

Mchezo mmoja haujathibitisha kitu. Michezo kumi imethibitisha kwamba una subira kidogo. Kijiweni mtu akimfunga mwenzake mara mbili mfululizo ametawazwa. Wewe kwa michezo miwili usitangaze hata hali ya hewa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukitazama mashambulio 100 ya injini moja, asilimia ya ushindi utakayoipata inaweza kukosea kwa pointi 10 hivi juu au chini, kwa bahati tu. Mashambulio 400 yanapunguza kosa hadi pointi 5. Ukilitaka liwe 2.5, unahitaji 1,600. Kupunguza kosa kwa nusu kunakugharimu kazi mara nne, na hakuna njia ya mkato.

Ule ukurasa wa mikao ambayo mmoja pekee alimaliza utakusaidia zaidi. Tuseme kati ya mikao 400, Changu alimaliza peke yake 30 na Kibua 10. Jumla ni 40. Kipeuo cha pili cha 40 ni 6.3, ukizidisha kwa mbili unapata 12.6. Tofauti yao ni 20, imezidi 12.6, basi una sababu nzuri ya kusema Changu anamaliza vizuri zaidi. Lakini kama Changu ana 21 na Kibua 19, tofauti ni 2. Hapo hujui, na jibu la "sijui" liandikwe kwa wino ule ule ambao ungeandikia ushindi.

Wanaotengeneza Stockfish huchukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Tangu mwaka 2013 wana mfumo uitwao Fishtest, ulioanzishwa na Gary Linscott, ambamo watu wa kujitolea wanaazima kompyuta zao kucheza michezo ya majaribio. Badiliko moja dogo linaweza kupimwa kwa makumi ya maelfu ya michezo, na jaribio husimama ushahidi ukitosha, kwa kanuni aliyoiasisi mwanatakwimu Abraham Wald wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kompyuta yako ya Mbagala nayo inaweza kujiunga na kazi hiyo.

Hatua ya 7: Usilipe sifa kwa kafara

Kafara ni tamu. Injini ikitoa malkia, kijiwe kizima kinasimama. Mtazamaji mmoja atapiga yowe, mwingine ataapa kwamba mchezo umekwisha, na wa tatu, ambaye hajui farasi anatembeaje, ataeleza kwa kirefu kwa nini ilikuwa lazima. Waache wafurahi. Wewe andika matokeo ya mwisho.

Mtindo unaweza kupimwa pia, ila upimwe baada ya umaliziaji na kwa vigezo vilivyo wazi. Pohl ana kipimo chake kiitwacho EAS kinachotazama ukali wa injini: ushindi uliopatikana kwa kafara, ushindi wa haraka, na sare mbaya, yaani zile ambazo injini iliziridhia mapema au ikiwa na faida ya vipande. Katika jaribio lako fuata mambo matatu. Kwanza, asilimia ya mashambulio yaliyomalizwa. Pili, wastani wa hatua kuanzia mkao wa mwanzo hadi mfalme kufungwa, ukihesabu michezo iliyoshindwa pekee. Tatu, michezo ambayo tathmini ilipanda juu ya +3.00 kisha ikaisha sare. Orodha hiyo ya tatu ndiyo hazina. Kila mchezo ulioko humo ni somo kamili la namna ushindi unavyoponyoka: mshambuliaji aliyerudia hatua zile zile mara tatu, aliyebadilishana vipande kwa pupa mpaka akabaki na shambulio lisilo na watu, aliyezunguka hatua 50 bila kula kipande wala kusogeza askari. Ipitie taratibu ukiwa na ubao halisi mbele yako.

Hatua ya 8: Walete wazee wa bao

Kompyuta inakupa namba. Maana yake utaipata kwa watu, na Dar es Salaam ina watu wanaojua umaliziaji kwa vidole vyao. Mzee wa bao anaishi ndani ya kete 64 na mashimo 32. Anajua kunamua, anajua mtaji, na anajua kwamba mwenzako hajashindwa mpaka safu yake ya mbele iwe tupu au akose hatua. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bao.

Mchezo huo umeingia vyuoni kwa njia ya heshima. Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu kuhusu umahiri wao, iliyotoka mwaka 1995 huko Leiden. Mwaka 2003, Jeroen Donkers wa Maastricht alitumia bao katika tasnifu yake kuhusu kompyuta zinazojaribu kumsoma mpinzani. Bao la Waswahili limesaidia kufundisha mashine za Uholanzi. Basi na mzee wa Keko au Magomeni ana haki ya kuulizwa maoni juu ya mashine zako.

Mwite kwa adabu: "Shikamoo mzee, naomba jicho lako hapa." Muonyeshe michezo mitano kutoka ile orodha ya tatu, ya ushindi ulioponyoka, ukimweleza vipande vinavyotembea. Muulize aliona wapi kasi ikipotea. Mtu aliyezoea kuhesabu kete zinazozunguka mashimo hatua nyingi mbele anaona upotevu wa zamu haraka sana. Andika anachosema pembeni ya namba zako, kisha rudi kwenye kompyuta ujaribu hatua aliyoipendekeza. Akiwa sahihi, mwambie mbele ya watu.

Walete na watoto, wa kike kwa wa kiume. Phiona Mutesi alijifunza sataranji Katwe, Kampala, kwenye mradi wa Robert Katende ambako watoto walikuwa wakipata uji. Akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 akapata daraja la Bingwa Mtarajiwa wa Wanawake. Mpe mtoto mikao kumi ambayo Changu alimaliza na Kibua akashindwa. Ashambulie yeye, kompyuta ilinde. Akishindwa, amwangalie Changu alivyofanya, kisha arudie. Hapo kipimo chako kimegeuka kuwa darasa, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Hatua ya 9: Toa matokeo yanayoweza kupingwa

Andika kila kitu: jina na toleo la kila injini, aina ya kompyuta, muda, kumbukumbu, kama maktaba za tamati zilizimwa, mikao yote 400, na michezo yote 800. Andika pia mikao uliyoifuta na sababu ya kuifuta. Ukificha michezo iliyokuaibisha, huna matokeo, una tangazo la biashara.

Kisha mpe mtu mwingine faili hilo. Ukiwa Temeke, mpe mtu wa Kinondoni, mwenye kompyuta tofauti na asiyekupenda sana. Huyo ndiye mkaguzi bora. Arudie jaribio lote bila wewe kusimama nyuma yake. Akipata kama ulichopata, nyote wawili sasa mnajua jambo. Akipata tofauti, kaeni pamoja mtafute chanzo: joto, saa, toleo la injini, au mikao michache mno. Mkikipata, mmejua jambo jingine, na pengine ni kubwa kuliko lile la kwanza.

Kwa hiyo usingoje kompyuta mpya. Pakua injini tatu leo, kusanya mikao 50 ya kwanza wiki hii, iendeshe usiku mmoja ili kuona kama mitambo yako inafanya kazi, kisha ongeza hadi 400. Na mtu akikuuliza kijiweni ni injini gani kali, mwulize kwanza anataka kujua jambo gani, umsogezee stuli, umfungulie daftari.